Mishipa ya damu ya kondo la nyuma: maswali tunayoulizwa kliniki na leba

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, leba, na mengine kijiweni kwa bodaboda, maana huku kwetu Mtwara mkunga haachwi apite hivihivi bila kuulizwa. Karibu yote yanarudi kwenye kiungo kimoja ambacho mama hukibeba miezi tisa na pengine asikione hata siku ya kujifungua: kondo la nyuma, ambalo bibi zetu huliita zalio. Nimejibu kama ninavyojibu kliniki, kwa hiyo msishangae jibu moja likiwa refu na jingine la mstari mmoja.

Kondo ni la mama au la mtoto?

Kwa sehemu kubwa ni la mtoto. Yai likisharutubishwa, baadhi ya seli zake hufanyika mtoto, nyingine hufanyika kondo na chupa. Mama anachotoa ni godoro, yaani utando wa ndani wa mji wa mimba ambao kondo linajishikiza. Mimba ikitimia, kondo huwa duara kama sahani, upana wa sentimita 20 hivi, unene wa sentimita mbili na kitu, uzito wa karibu nusu kilo.

Damu ya mama inaingia kwa mtoto?

Hapana. Hili ndilo swali linaloongoza, na ndilo lenye majibu mengi ya uongo mtaani. Mtoto hutengeneza damu yake mwenyewe, na kundi lake linaweza kuwa tofauti kabisa na la mama.

Nenda Mikindani maji yakiwa yamejaa uangalie mikoko. Mizizi imezama, bahari inaizunguka kila upande, lakini maji ya chumvi hayapandi mtini jinsi yalivyo. Ngozi ya mzizi inachuja, chumvi nyingi inabaki nje. Kondo liko hivyohivyo. Mizizi ni vijidole vyenye mishipa ya mtoto ndani yake, na bahari ni damu ya mama iliyomwagika katikati ya vijidole hivyo. Oksijeni, sukari, madini na kinga za mama hupita kwenye ngozi ya kijidole kwenda kwa mtoto, na hewa chafu na takataka hurudi kwa mama. Tofauti ni kwamba bahari hii haina kupwa: ile nafasi huchukua kama mililita 150 tu za damu, na damu hiyo hubadilishwa mara kadhaa kila dakika.

Hata madaktari walibishana sana juu ya jambo hili. Katika karne ya 18, ndugu wawili Waskoti waliofanya kazi London, William na John Hunter, walipasua miili ya wanawake waliofariki wakiwa wajawazito na kuingiza nta ya rangi kwenye mishipa ya mji wa mimba. Nta ilijaza nafasi za ndani ya kondo, lakini haikuingia kwenye mishipa ya mtoto. William alichapisha michoro yake mwaka 1774, na ukiiona leo utadhani imechorwa na mtu aliyetoka leba jana.

Niongeze jambo moja, nisije nikaambiwa nimeficha. Chembe chache za damu ya mtoto huvuja kwenda kwa mama, hasa wakati wa kuzaa. Kwa wengi hazina neno. Kwa mama ambaye kundi lake la damu ni hasi na mtoto ni chanya, chembe hizo zinaweza kuufundisha mwili wa mama kupigana na damu ya mtoto wa mimba inayofuata. Kwa hiyo ukiambiwa wewe ni hasi, ulizia sindano ya Anti-D mapema, usisubiri kukumbushwa.

Kitovu kina mishipa mingapi?

Mitatu. Ateri mbili na vena moja. Kikikatwa, futa damu kwenye ncha utaona matundu matatu: mawili madogo yenye kuta nene, yamejikaza kama midomo ya mtu aliyenuna, na moja kubwa lililolegea. Hayo mawili ni ateri, hilo kubwa ni vena. Mwanzoni kabisa mwa mimba vena huwa mbili, ya kulia ikafa, ikabaki ya kushoto.

Mishipa hii imezungukwa na ute mzito unaoteleza, ambao kwa Kiingereza umepewa jina la daktari Thomas Wharton wa karne ya 17. Ute huo ndio mto wake. Mtoto akikilalia kitovu, ute unabonyea na mishipa inapona. Chote kimejisokota kama kamba ya makumbi, na urefu wake kwa kawaida ni sentimita 50 hadi 60. Kamusi wanakiita kiungamwana. Ni jina zuri, sijui kwa nini tumeliacha.

Nimesoma kwamba ateri hubeba damu safi. Mbona hapa vena ndiyo yenye damu safi?

Mwalimu wako wa baiolojia alikufupishia. Ateri ni mshipa unaotoka kwenye moyo, vena ni mshipa unaorudi kwenye moyo. Usafi wa damu haumo kwenye jina. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayafanyi kazi ya kuvuta hewa, kazi hiyo inafanywa na kondo. Kwa hiyo moyo wa mtoto unasukuma damu iliyopungukiwa oksijeni kwenda kwenye kondo kwa ateri mbili, na damu iliyojaa oksijeni inarudi kwa vena moja. Wala damu hiyo "safi" haina oksijeni nyingi kama ya mtu mzima. Mtoto anamudu kwa sababu hemoglobini yake ni ya namna nyingine, inang'ang'ania oksijeni kuliko ya mama.

Mtoto akiwa na ateri moja tu kwenye kitovu?

Hutokea, karibu mimba moja katika kila 100. Watoto wengi wa namna hiyo huzaliwa salama, ila tunawakagua kwa makini zaidi, hasa figo na moyo.

Mbona mkishazalisha mnakaa kulichungulia kondo kwenye beseni kama mnanunua samaki?

Aliyeuliza hivi ni shemeji mmoja aliyekuwa akichungulia mlangoni, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwanza ninalilaza upande wa mtoto ukiwa juu. Upande huu unang'aa, rangi yake ni kama kijivu iliyochanganywa na zambarau, na kitovu kimejishika karibu na katikati. Kutoka hapo mishipa inatawanyika hadi karibu na ukingo, kama mistari ya jani la mpapai. Ukitazama vizuri utaona pale mishipa inapopishana, ateri huwa juu na vena chini. Karibu kila kondo liko hivyo, nami bado hunifurahisha.

Kisha ninaufuata kila mshipa kwa kidole hadi mwisho wake. Mshipa unatakiwa uzame ndani ya nyama kabla ya ukingo. Nikiona mshipa umevuka ukingo, ukaingia kwenye utando wa chupa na kukatika, najua kulikuwa na kipande kingine cha kondo pembeni na hakijatoka. Kipande hicho kikibaki, mama atavuja damu usiku, ndugu wakiwa wameshakwenda kupika uji.

Ndipo ninaligeuza. Upande wa mama ni mwekundu wa kuiva, umegawanyika mafungu kama 15 au 20 yaliyobanana. Ninayasogeza kwa viganja yakutane vizuri. Pakiwa na pengo, kuna kipande kimebaki.

Kwa hiyo shemeji, si samaki, lakini hata samaki hatununui bila kumfunua mashavu.

Mishipa ya mtoto ikishazama ndani ya kondo inakwenda wapi?

Inagawanyika kama mti uliogeuzwa kichwa chini. Shina linaingia, linatoa matawi, matawi yanatoa vijitawi, hadi kwenye vijidole vidogo usivyoweza kuviona bila hadubini. Ndani ya kila kijidole cha mwisho kuna kapilari, yaani mishipa myembamba kuliko yote, zilizojikunja na kubonyea hadi zinagusa ngozi ya kijidole. Hapo damu ya mtoto na damu ya mama zimetenganishwa na ukuta mwembamba mno, unene wa sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita, na kadiri mimba inavyokua ukuta unazidi kuwa mwembamba kwa sababu mahitaji ya mtoto yanapanda.

Ngozi yenyewe ni ya ajabu. Seli zake zimeungana zikawa kitu kimoja, hazina mipaka wala nyufa kati yake. Kwenye ukuta wa matofali mdudu hutafuta mwanya kwenye udongo wa kuungia. Hapa hakuna udongo wa kuungia.

Ukivikunjua vijidole vyote na kuvitandaza, unapata zaidi ya mita 10 za mraba, yaani sakafu ya chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Chumba kizima cha kupanga, kimekunjwa ndani ya sahani.

Tena mishipa hii haina neva. Ubongo hauiamrishi ibane au ilegee, inafuata kemikali zinazotengenezwa palepale.

Na mishipa ya mama?

Hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu nusu ya tunayoyaogopa leba yanaanzia hapa.

Mama hana kapilari ndani ya kondo. Ana ateri ndogo kwenye ukuta wa mji wa mimba, zimejipinda kama skrubu, na kama mia moja hivi kati ya hizo hufunguka moja kwa moja kwenye ile bahari ya vijidole. Kabla ya mimba ateri hizo ni nyembamba na zina msuli wa kubana. Zingebaki hivyo, damu ingeingia kwa kishindo kama maji ya bomba lililobanwa kidole, na kuvichana vijidole.

Kwa hiyo seli za kondo hufanya kazi ambayo sijaona mfano wake mahali pengine mwilini: zinatoka upande wa mtoto, zinaingia kwenye ateri za mama, zinauondoa msuli na kuitanua midomo ya mishipa hadi mara kadhaa ya upana wake wa awali. Wiki za kwanza seli hizo huziba midomo kabisa, mtoto akaanza maisha kwenye oksijeni kidogo. Vizibo hulegea mimba inapokaribia wiki ya 10 hadi 12, na kazi ya kutanua huendelea hadi wiki ya 20 hivi. Mwisho wake, mshipa unafanana na mto Ruvuma unapokaribia bahari: umepanuka, maji yamepoa, yanasambaa taratibu bila kubomoa kingo. Mimba ikikomaa, damu inayoingia hapo ni zaidi ya nusu lita kila dakika.

Kwa nini napimwa presha kila nikija kliniki hata kama siumwi?

Kwa sababu ya hayo niliyoyaeleza sasa hivi. Kwa wanawake wengi wanaopata kifafa cha mimba, hasa kile kinachoanza mapema, ile kazi ya kutanua mishipa haikukamilika. Msuli ulibaki, midomo ikabaki myembamba. Kondo linapungukiwa damu na linamwaga kemikali kwenye damu ya mama. Kemikali hizo zinaharibu ngozi ya ndani ya mishipa ya mama mwili mzima: presha inapanda, figo zinavujisha protini, uso na mikono vinavimba, na mwisho ubongo unapata degedege.

Ona jinsi mambo yalivyo: kosa limefanyika kabla ya wiki ya 20, dalili zinaonekana baada ya wiki ya 20. Mama anakuwa mzima wa kutembea sokoni huku presha ikipanda kimyakimya. Kipimo cha mkononi na kile cha mkojo ndivyo vinavyoona mapema.

Kichwa kinachogonga bila kukoma, kuona maruweruwe, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: usimalize siku nyumbani. Na mama akianguka degedege, msimfukizie ubani wala kumsomea kwanza. Mlazeni ubavu, tafuteni gari. Dua isomwe njiani. Kuna sindano ya magnesiamu inayozuia degedege, lakini kinachomaliza ugonjwa ni kondo kutoka. Ndiyo sababu wengine huanzishiwa uchungu kabla ya siku zao. Tusiwalaumu madaktari kwa haraka hiyo.

Sina homa, nimepima malaria sina. SP za nini?

SP ni vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito. Mtwara na Lindi ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo swali hili ni letu hasa.

Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu kikiwa ndani ya chembe nyekundu huifanya iwe na gundi. Mama akishika mimba, kimelea hupata gundi mpya inayonasa kwenye sukari fulani iliyo juu ya ngozi ya vile vijidole vya kondo. Chembe zenye vimelea zinaganda humo, hazizunguki tena mwilini. Unatobolewa kidole, kipimo kinasema hakuna, kumbe kondo limejaa. Seli za kinga zinakwenda kupigana humohumo, nafasi ya damu inasongamana, mtoto anapata chakula kidogo na anazaliwa mdogo. Mama anapungukiwa damu.

Mwenye mimba ya kwanza ndiye yuko hatarini zaidi. Hata kama amekulia hapa na malaria ameizoea, mwili wake haujawahi kukutana na gundi hii. Mimba zinazofuata mwili unakuwa umeshaijua.

Kwa hiyo SP hutolewa kuanzia kipindi cha pili cha mimba, wiki ya 13 hivi, kila mahudhurio yakipishana angalau mwezi mmoja, dozi tatu au zaidi hadi kujifungua. Unazimeza mbele yetu. Najua wengine huzifungia kwenye kona ya kanga, nimeziokota nje ya geti. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, atuambie tu. Na chandarua ni cha mama, si cha kufunikia vifaranga.

Mama ana VVU, mtoto anazaliwaje hana?

Ndiyo kazi ya ukuta ule usio na nyufa. Damu hazichanganyiki, na virusi vingi vinavyofika kwa mtoto hufika wakati wa kuzaa au kunyonya, si miezi yote ile ya tumboni. Ukuta si chuma, virusi vikiwa vingi vinaweza kupenya, na kondo lenye maradhi hulinda vibaya. Dawa zikimezwa kila siku virusi vinapungua hadi havionekani kwenye kipimo, na hatari inashuka sana.

Kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Ni kwa sababu niliruka kamba?

Hapana. Mtoto mmoja kati ya wanne au watano huzaliwa kitovu kikiwa shingoni, kwa sababu anacheza. Wengi hawapati shida, ule ute ndio unaowaokoa.

Mtoto anaumia kitovu kikikatwa?

Haumii, hakina neva. Ila msikimbilie kukikata. Tunasubiri dakika moja hadi tatu, kwa sababu kondo bado lina damu ya mtoto na inaendelea kumfikia. Shika kitovu utakisikia kinapiga kama mshipa wa mkono. Damu hiyo ni akiba yake ya madini ya chuma kwa miezi ya mwanzo. Kikikoma kupiga, ateri zimejifunga zenyewe. Kipande cha vena kilichobaki ndani ya tumbo la mtoto hukauka kikawa uzi mgumu unaokwenda hadi kwenye ini. Unao hata wewe unayesoma.

Mapacha wanakula kondo moja?

Wengine kila mmoja ana lake, wengine wanashirikiana. Wanaoshirikiana ndio tunaowafuatilia, maana mishipa yao huungana ndani ya kondo. Kwa 10 hadi 15 katika kila jozi 100 za namna hiyo, damu huegemea upande mmoja: mmoja anapungukiwa, mwenzake anazidiwa hadi moyo unachoka. Altrasaundi ya mapema ndiyo inayosema ni kondo moja au mawili.

Kondo likitoka, yale matundu yote ya mama yanafungwaje?

Kwa msuli. Nyuzi za msuli wa mji wa mimba zimepishana kama ukili, na mishipa inapita katikati ya misuko. Msuli ukikaza, kila mshipa unabanwa. Ndiyo maana tunachoma oksitosini pajani dakika ileile mtoto anapotoka, kisha tunaminyaminya tumbo. Tunataka mji wa mimba uwe mgumu kama dafu. Ukiwa laini kama embe lililoiva, damu inatoka, na mmeshasikia ni nusu lita na zaidi kwa dakika. Kondo likigoma kutoka kwa nusu saa hatusubiri tena. Na mtu wa nyumbani asivute kitovu, hata kama alishawazalisha kumi.

Kondo kukaa chini?

Limejipanda kwenye mlango wa uzazi. Damu hutoka bila maumivu. Njoo hospitali, na usikubali mtu akuingize kidole kabla ya altrasaundi. Aliyewahi kupasuliwa aseme mapema, maana kwenye kovu kondo linaweza kuzama hadi kwenye msuli na likakataa kubanduka.

Mbuzi wangu alizaa, kondo lake lina vifungo vingi. Sisi mbona hatuna?

Kila mnyama na kondo lake. La mbuzi na ng'ombe limegawanyika vifundo vingi vilivyotawanyika, la kwetu ni sahani moja. Leonardo da Vinci alipomchora mtoto wa binadamu tumboni, miaka ya 1510 hivi, alimpa kondo la ng'ombe. Kwa hiyo hujachelewa kuuliza.

Naweza kupewa kondo nikalizike nyumbani?

Kwa kawaida linakwenda kwenye shimo la kondo la kituo. Pale kwetu anayelitaka huwa tunampa, ila aseme kabla, aje na chombo chenye mfuniko, asilishike bila glavu, na shimo liwe refu mbwa wasilifikie.

Mwaka jana bibi mmoja alikuja kulichukua la mjukuu wake. Alikuwa amebeba sufuria jipya, bado lina karatasi ya bei. Nikamwonyesha mishipa, akaifuata kwa macho kutoka katikati hadi ukingoni, kisha akaniomba niligeuze, na niligeuze tena. Akauliza upande upi ulikuwa umemwelekea mtoto. Nikamwonyesha ule unaong'aa. Akasema basi uwekwe juu, akafunika sufuria.